Leo Samaki Amefunguliwa

Kijijini Gârla Veche mtoto akizaliwa watu huuliza mambo mawili: ni wa kike au wa kiume, na je, Leontina ameshapata habari? Hili la pili huulizwa kwa sauti ya chini.

Daktari Leontina Vâlcu si daktari wa watu. Ni daktari wa samaki, na hata katika samaki ni mmoja tu anayemnyima usingizi: moruni, mkubwa kuliko wote katika ukoo wa sturjoni, mwenye yale mayai meusi ambayo matajiri huyala kidogo kidogo wamefumba macho. Moruni huishi baharini, lakini akitaka kutaga hupanda mto Danube, na akipanda hana njia nyingine ila kupita mbele ya kijiji chetu. Kwa miaka mingi, kupita mbele ya kijiji chetu ndilo lililokuwa kosa lake la mwisho. Sasa wamebaki wachache mno, na Leontina ndiye aliyepewa kazi ya kuhakikisha hao wachache wanapita.

Yeye mwenyewe alilelewa kwa mayai hayo. Baba yake alikuwa mvuvi, na mama yake aliyapakua juu ya ugali asubuhi, akayapakua tena jioni, mpaka mtoto akawa analia apewe jibini kama watoto wa watu. Shuleni alimpa jirani yake mkate wenye mayai meusi akapewa kipande cha kitunguu, akaona amemlalia mwenzake. Leo waandishi wa habari wakimuuliza mapenzi yake kwa moruni yalianzia wapi, hujibu kwamba alivutiwa na ukuu wa kiumbe wa kale. Hasemi kwamba alimkinai. Lakini sisi tuliokua naye tunajua, na tunaona hiyo ndiyo siri ya uaminifu wake: hakuna kazi rahisi kama kulinda chakula usichokitamani.

Alikwenda Galați kusoma, akarudi na shahada, miwani na mume. Mume alikuja na mama yake, aliyesema anakaa wiki moja tu kumtazama bibi harusi. Mume alifariki mapema, maskini. Mama mkwe alibaki katika chumba kizuri chenye dirisha la mtoni, akakosoa supu kwa miaka mingi, kila vuli akitangaza kwamba anaondoka na kila masika akionekana bado yupo. Hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu litarudi likiwa na magamba.

Miaka ya mwanzo Leontina alijaribu elimu. Aliwakusanya wavuvi katika ukumbi wa kijiji, akatundika ramani kubwa, akawaeleza jinsi moruni wanavyoangamia. Wanaume walivua kofia wakasikiliza kwa adabu ambayo hata kanisani haikupata kuonekana. Mwisho mmoja akanyoosha mkono, akauliza kama Daktari anaweza kuonyesha hasa, kwa kidole, mahali wanapopumzika wakipanda. Leontina alifurahi kuulizwa, akaonyesha. Mwaka ule kijiji kilivua vizuri kuliko miaka yote ya nyuma, na watu walimshukuru sana.

Baada ya hapo alijaribu sheria. Serikali ilikuwa imefunga uvuvi wa moruni mwaka mzima, na doria ilipita na boti mpya. Lakini boti ilikuwa na injini inayosikika kutoka vijiji viwili, na wanadoria nao walikuwa na wajomba hapa. Sheria ilifika, ikala, ikanywa, ikaondoka.

Kilichomfungua macho ni mshumaa. Mvuvi mmoja alimwomba awe mama wa ubatizo wa mwanawe wa kwanza, Sofronie, kwa kuwa ni heshima mtoto kushikwa na daktari, hata wa samaki. Padri alipouliza, "Unamkana Shetani?" na Leontina akajibu kwa niaba ya mtoto, "Namkana," alitupa jicho pembeni akamwona baba mtu anatetemeka mpaka nta ya mshumaa alioushika inamdondokea kidoleni. Huyu ndiye yule aliyeuliza swali la kidole. Wanaume ambao faini haikuwatikisa walikuwa wanaogopa mshumaa. Pale pale, mtoto mikononi, Leontina akaamua namna atakavyofanya sayansi.

Tangu siku hiyo amebatiza karibu nusu ya kijiji. Sharti lake ni moja. Kabla ya kumshika mtoto, humwita baba kwenye uzio wa kanisa na kumwapisha: sitaua moruni maisha yangu yote, na mwanangu nitamlea hivyo. Wakubwa wake mjini huandika kwamba anashirikisha jamii. Yeye husema anabatiza. Watu walimbandika jina Mama Ubatizo, na kwa muda, lazima tukiri, ndoano zilipungua. Mtu anaweza kuidanganya serikali na akalala fofofo, lakini kumdanganya aliyemshika mwanao akiwa uchi mbele ya madhabahu ni jambo lingine.

Tatizo ni kwamba naye aliamini. Alianza kutembea kijijini kama mtu anayekagua bustani yake. Alisema kwenye mikutano ya kimataifa kwamba Gârla Veche hakuna tena mvuvi wa moruni, kuna watoto wake tu. Tulipomwona kwenye televisheni akisema hivyo tulitazamana, na mmoja wetu akaongeza sauti ili asikike vizuri.

Na sasa, Mama Mkwe. Miaka kadhaa iliyopita Leontina alimshika moruni jike mkubwa, mrefu kuliko mtumbwi wa mtu mmoja, akampasua kidogo tumboni, akamtia kifaa chenye mlio, akamshona na kumwachia. Chini ya mto alikuwa ameshazamisha vipokezi, ambavyo sisi tunaviita masikio ya Mama, na samaki mwenye kifaa akipita, sikio humsikia. Jike yule aliteremka baharini, akasikika, akapotea, akasikika tena alipodhaniwa amekufa. Kwa hiyo akamwita Mama Mkwe. Wengine wote aliowatia vifaa walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Masika haya, kwa hesabu za Leontina, Mama Mkwe alikuwa amejaa mayai, na alikuwa jike mkubwa pekee ambaye masikio yalikuwa bado yanamsikia. Akipanda na kutaga, kutakuwa na moruni. Asipotaga, Leontina atastaafu akiwa amelinda maji matupu.

Katikati ya Kwaresima sikio la kwanza, lile la mlangoni mwa bahari, likalia. Mama Mkwe ameingia mtoni. Leontina alimbusu paka. Kisha likalia sikio la Gârla Veche, likaendelea kulia. Siku ile ikaisha, ya pili ikaanza, na Mama Mkwe yupo pale pale, mbele ya kijiji, hasogei.

Mwanasayansi mwingine angejiuliza kwa nini. Leontina alijijibu kabla hajajiuliza. Mama Mkwe amepumzika. Kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuandika habari za moruni, jike aliyejaa mayai amechagua kupumzika mbele ya kijiji cha wavuvi, kwa sababu pametulia, kwa sababu hapatishi tena, kwa sababu, tuseme wazi, ya ubatizo. Alimwandikia mtaalamu mwenzake wa Vienna hapo hapo kwa simu. Vienna ikajibu kwa alama nyingi za mshangao.

Mchana huo akaja Sofronie, sasa ni mwanamume wa mabega mapana, baba wa mtoto mchanga ambaye Leontina alikuwa ambatize keshokutwa yake, kwa maana mama wa ubatizo kwetu hurithiwa kama nyumba. Alisimama mlangoni akizungusha kofia.

"Nabusu mkono, Mama."

"Karibu, mwanangu. Anisia na mtoto?"

"Wazima. Mama, nilikuwa na swali. La kisayansi."

Leontina aliweka kikombe chini. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtoto wake wa ubatizo aliyewahi kumletea swali la kisayansi.

"Moruni akikaa siku mbili tatu bila kula," Sofronie akasema, "anapungua?"

"Hapungui hata kidogo. Akiwa anapanda mto hali kabisa. Anaishi kwa mafuta yake."

"Na mayai hayaharibiki?"

"Mradi awe kwenye maji yanayopita, hayaharibiki."

"Na kivuli? Tuseme yuko chini ya mbao fulani hivi."

"Kivuli anakipenda mno."

"Ahsante, Mama. Umenitua mzigo." Akambusu mkono kweli, akaondoka anapiga mluzi.

Leontina alibaki amesimama dirishani, machozi yanamlenga, akimtazama mvuvi wa kwanza Gârla Veche kujali afya ya moruni. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Mama Mkwe alikuwa chini ya gati la mbao la Sofronie, kamba imepita mdomoni na kutokea kwenye shavu, imefungwa kwenye nguzo, kama babu zetu walivyowahifadhi moruni wakubwa wasiharibike kabla ya sherehe. Hakuna aliyemwambia. Tuliongea naye kwa upole siku zile, na yeye alidhani ni heshima.

Ubatizo ulipangwa siku ya Kupashwa Habari Bikira Maria, na si bila sababu. Kwaresima nzima hatuli nyama, hatuli mayai, hatunywi maziwa, na samaki naye amefungwa. Lakini siku hiyo kanisa humfungua. Padri huitangaza, na neno analotumia ni lile lile tunalotumia kwa fundo la kamba. Serikali ikimfunga samaki na kanisa likimfungua, watu wa Gârla Veche husema aende mwenyewe mwenye malalamiko akabishane na huko juu.

Padri Eftimie ni mtu mnene, mwema, mwenye sauti inayotikisa taa. Alimzamisha mtoto mara tatu, Leontina akamkana Shetani mara tatu, mtoto akalia kwa wote. Nje, kwenye uzio, Sofronie alikuwa ameshaapa asubuhi bila kupepesa jicho. Mwishoni Padri akageukia watu, akatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Leo, wapendwa, samaki amefunguliwa."

Kanisa zima likapumua. Karibu na mlango alisimama Bwana Budescu, mkurugenzi wa idara moja ya mjini, yule anayetia sahihi katazo la uvuvi wa moruni kila mwaka. Alikuwa amesoma habari zilizotangazwa na Vienna, akaja kupiga picha mahali pa mapumziko. Kwenye mfuko wa kifuani wa koti lake ulichungulia mpini wa kijiko kidogo cha lulumizi, lile gamba la chaza linalong'aa. Chuma, wajuzi husema, huharibu ladha ya mayai meusi. Alipoulizwa na mtu kijiko ni cha nini, alisema ni cha dawa.

Uani kwa Sofronie meza zilikuwa zimepangwa mpaka ukingo wa mto. Sufuria kubwa ilikuwa inachemka, na kando yake mpishi, mgeni wa kijiji cha pili, alikuwa ananoa kisu kirefu taratibu. Leontina aliona sufuria, akaona kisu, akafikiri ni kambare.

"Mama," Sofronie akasema, "kabla hujakaa, njoo upokee zawadi yako."

Akamshika mkono kama mtu anayemshika bibi harusi, akampeleka kwenye gati, akainua mbao mbili.

Kwenye maji ya rangi ya chai ulionekana kwanza mgongo wenye mafupa kama meno ya msumeno. Kisha kamba. Kisha, ubavuni, kovu la mshono uliokwenda upande, mshono mbaya, ulioshonwa na mtu ambaye vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Leontina aliujua mshono huo. Ulikuwa wake.

Ni aibu kusema, lakini alichokifikiria kwanza si samaki. Alifikiria Vienna. Joto lilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, na ndipo, baada ya aibu, uchungu ukafika.

"Sofronie."

"Naam, Mama."

"Uliapa. Leo asubuhi umeapa tena."

"Niliapa sitaua. Nimeua? Mtazame mwenyewe. Mzima wa afya."

"Na nani atamuua?"

Sofronie alielekeza kidevu kwa mpishi. "Yule? Yule si wa hapa. Hajaapa kitu."

"Ulimshikaje?"

"Alijileta."

Watu wakacheka kidogo. Gârla Veche samaki wote hujileta. Hatujapata kuwa na mvuvi.

Anisia alisogea na mtoto begani, uso umemshuka. "Mama, tungekuwekea nini mezani? Makreli ya barafu? Mama mzima wa ubatizo?"

"Maisha yako yote unamsema yeye tu," Sofronie akasema, na sasa sauti haikuwa na mzaha. "Kambare hujawahi kumsifu. Samaki wengine hata majina yao huyataji. Nikasema, siku ya mwanangu, Mama apate anachokipenda. Siku zote hizi nimemfunika kwa mbao jua lisimchome. Nilikuja mpaka kwako kuuliza."

Leontina alimtazama, akaona kwamba anasema kweli. Angefurahi kumwona mjanja. Mjanja unamwitia doria. Huyu alikuwa amempenda kwa njia pekee aliyoijua, na sasa alikuwa amesimama mbele ya jamaa zake wote, akisubiri aambiwe ahsante.

Akiita doria, Sofronie atafungwa, na mtoto aliyembatiza saa ile atakua akiambiwa nani alimfunga baba yake. Akikataa zawadi, amejivua umama wa ubatizo mbele ya kila aliyemwapisha, na viapo vyote vya uzio vitaanguka pamoja naye. Akikubali, kisu kiko tayari.

Bwana Budescu alimsogelea, akaongea kwa sauti ya ofisini. "Daktari, tutazame jambo hili kwa utulivu. Kitaalamu, ameshakamatwa. Kwenye takwimu tayari ni hasara. Sasa kuharibu siku ya mtoto itamsaidia nani?" Huku akisema, alikuwa anakifuta kijiko kwa leso.

Leontina alimpa mgongo. Macho yake yalikwenda mezani, ambako Padri Eftimie alikuwa ameshajifunga kitambaa shingoni.

"Baba Padri," akaita. "Masikio yangu yamezeeka. Kanisani ulisema nini kuhusu samaki?"

"Nilisema amefunguliwa."

"Sema kwa nguvu, wa nyuma wasikie."

Padri, ambaye hajawahi kukataa ombi la kusema kwa nguvu, akasimama. "Leo samaki amefunguliwa!"

"Na neno hilo ni maoni yako, au ni amri?"

"Maoni?" Padri alichukia kidogo. "Ni amri ya kanisa, tangu enzi za mababa."

"Basi watu wa Gârla Veche wataniwia radhi," Leontina akasema, "maana mimi namkuta bado amefungwa."

Akalala kifudifudi kwenye gati, na gauni lake la sikukuu, akatumbukiza mikono majini mpaka mabegani. Mtu mmoja alianza kucheka akaacha. Padri alikaa chini polepole, mdomo wazi, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe wake mwenyewe.

Lakini fundo lilikuwa la mvuvi, limelowa siku zote hizo, na vidole vya Daktari vilikuwa vimezoea kuandika. Alivuta, akakwaruza, ukucha ukakatika. Hakuna aliyesogea. Mpishi aliendelea kushika kisu chake. Leontina aligeuza shingo, shavu kwenye mbao, miwani imekaa upande, akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

"Mwanangu, siwezi. Nisaidie."

Sofronie aliinua macho. Tulimwona anamtazama mkewe, meza, wageni, ile sufuria. Kisha akapiga magoti.

"Hilo fundo hulijui, Mama," akasema. "Ondoa mkono."

Akalifungua kwa mivuto miwili. Kamba akaitoa kwenye shavu la samaki taratibu, kama anavyomtoa mtoto uzi mdomoni. Mama Mkwe hakwenda. Alibaki pale, anapumua, kama mama mkwe yule mwingine alivyokuwa akibaki baada ya kuaga. Leontina alimsukuma kichwa kuelekea juu ya mto, huku analia waziwazi, anamsihi kwa maneno ambayo hayamo katika makala yoyote. Halafu mkia ukapiga mara moja. Maji yalimlowesha Bwana Budescu kuanzia tai mpaka viatu, kijiko kikamponyoka, kikazama. Alisubiri kidogo kuona kama kuna atakayekipigia mbizi. Hakuna aliyejitokeza.

Tulikula ugali, kitunguu saumu, na makreli ya barafu ya dukani, na ilikuwa karamu ya kimya kuliko mazishi mengi. Wakati wa kuagana Sofronie alimbusu mkono Leontina. "Zawadi ilikuwa yako," akasema. "Umeitumia ulivyotaka."

Ingekuwa vizuri hadithi kuishia hapo, na wapo wanaoiishia hapo wakiwasimulia wageni. Leontina alikaa jikoni na kifaa chake cha kupokea habari za masikio, akisubiri sikio la juu ya mto. Halikulia. Lililolia lilikuwa la chini, la mlangoni mwa bahari. Mama Mkwe alikuwa amegeuka. Moruni aliyetishwa hufanya hivyo: hurudi na mayai yake yote, mwili ukayanyonya polepole, na hujaribu tena baada ya miaka kadhaa, akikumbuka au akisahau. Miaka hiyo ikitimia, Leontina atakuwa mstaafu. Aliinamisha kichwa mezani akalia, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumwona ila paka.

Kisha Vienna ikaandika. Wanataka makala. Jike aliyetulia mbele ya kijiji, saa baada ya saa bila kusogea, hili ni jambo kubwa, litawafaa wanafunzi. Leontina angeweza kujibu kwa sentensi moja kwamba alikuwa amefungwa kamba. Lakini sentensi hiyo ingemtaja mtu, na mtu huyo ana mtoto mchanga. Mwanamke aliyewaapisha wanaume wa nusu ya kijiji alikaa chini akaandika uongo, kwa lugha safi, wenye michoro. Kila kipimo ndani yake ni sahihi. Sababu tu ndiyo haimo. Ulichapishwa, ukasifiwa, na kila anaposifiwa hukunja uso kama mtu aliyepakuliwa tena mayai meusi.

Idara ya Bwana Budescu haikubaki nyuma. Ilileta kibao kizuri cha rangi ya kijani na kukisimika kwenye gati la Sofronie, juu ya nguzo ile ile: Mahali pa Mapumziko ya Moruni. Watalii hushuka kwenye boti kupiga picha.

"Ni kweli hupumzika hapa?" huuliza.

"Kweli kabisa," Sofronie huwajibu. "Alilala hapa siku mbili tatu, hakusogea hata shibiri moja. Muulizeni Daktari, ameandika."

Leontina bado anabatiza. Kiapo cha uzio kimekuwa kirefu kidogo: sitaua, sitafunga, wala sitaita mpishi. Na kila mwaka, siku ya Kupashwa Habari, watu wakitoka kanisani yeye haendi mezani. Hupita gati baada ya gati, ukingo wote wa kijiji, na kwenye kila moja hulala kifudifudi na gauni la sikukuu na kupapasa chini ya mbao, huku wageni wakiuliza bibi yule amepoteza nini.

Padri Eftimie zamani alilitamka neno lake mwisho kabisa, ili watu wakimbilie mezani nalo masikioni. Siku hizi hulitamka mwanzo, leo samaki amefunguliwa, kisha hukohoa na kuhubiri kirefu kupita kawaida. Mahubiri yakianza, wanaume wawili watatu huinuka kimya kimya na kutoka kwa haraka, wamebana kofia kwapani, na Leontina, aliyesimama mbele na mshumaa, hageuki nyuma. Anafika kwenye magati baadaye. Chini ya mbao anapapasa na kukuta kamba zimelowa, mafundo yamefunguliwa, na mwisho wa kamba hakuna kitu.